Kuwaza Kisichoonekana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ubunifu wa Fikra katika Ugunduzi wa Kisayansi

Wengi tulifundishwa sayansi kama rundo la kanuni za kukariri, kana kwamba ziliokotwa zikiwa tayari. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na watu wanaohisi kwamba mambo hayakwenda hivyo. Mengine jibu lake ni fupi. Mengine yanadai kisa kizima.

Sayansi inasimama juu ya ushahidi. Kuwaza kunaingia wapi?

Kiswahili chenyewe kinauonyesha ugumu wa swali hili. Kugundua ni kukuta kitu kilichokuwepo siku zote bila kujulikana. Kubuni ni kuleta ambacho hakikuwepo, na mtu akikuambia "hilo umelibuni," mara nyingi ana maana kwamba umesema uongo. Inakuwaje basi tukifikie kilichopo kwa njia ya kubuni?

Jibu ni kwamba ushahidi hauji ukiwa na jina kifuani. Ulimwengu umejaa vitu vya kuangalia, na anayeangalia kila kitu haoni kitu. Lazima wazo litangulie, limwambie mtafiti asimame wapi, apime nini, na ashangazwe na nini.

Mwaka 1862 Charles Darwin alitumiwa maua ya okidi kutoka Madagascar. Ua lile lilikuwa na mrija mwembamba wa karibu sentimita 29, na nekta ilikuwa chini kabisa, kwenye ncha. Mtu mwingine angelisifia uzuri wake akaliweka mezani. Darwin alijiuliza: ni nani anayeifikia nekta hiyo? Akaandika kwamba lazima Madagascar kuwe na nondo mwenye ulimi wa sentimita 25 au zaidi. Hakuna aliyekuwa amewahi kumwona nondo wa namna hiyo kisiwani humo. Miaka mitano baadaye Alfred Russel Wallace aliwahimiza wataalamu wa viumbe wamtafute kwa uhakika uleule ambao wanaanga waliutafutia sayari ya Neptuni. Mwaka 1903 nondo alitangazwa, Darwin akiwa amefariki miaka 21 nyuma, na katika jina lake la kisayansi likatiwa neno la Kilatini lenye maana ya "aliyetabiriwa."

Ua lilikuwa ushahidi, lakini nondo alitoka kichwani kwanza.

Je, kuwaza kwa kisayansi ni sawa na kuota mchana?

Hapana. Anayeota mchana huacha mawazo yaende yanakopenda. Mwanasayansi anapowaza, hujifunga kamba: wazo lake haliruhusiwi kupingana na yale ambayo tayari yamethibitishwa bila kutoa maelezo. Kamba hiyo ndiyo inayoifanya kazi iwe ngumu. Ni rahisi kuwazia ulimwengu ambao vitu huanguka kuelekea juu. Kuwazia ulimwengu ambao kila kitu kinaonekana kama tunavyokiona, ila chanzo chake ni kingine kabisa, hiyo ni kazi ya miaka.

Ni kweli Einstein alisema kuwaza ni muhimu kuliko maarifa?

Ndiyo, alisema hivyo katika mahojiano na jarida la Marekani mwaka 1929. Tatizo ni kwamba maneno hayo hubandikwa kila mahali bila maisha yaliyokuwa nyuma yake, na watu wakadhani alikuwa akitoa ruhusa ya kutosoma.

Tazama alivyofanya mwenyewe. Akiwa na umri wa miaka 16 hivi alijiuliza: nikikimbia sambamba na mwali wa mwanga, kwa kasi ileile, nitaona nini? Ingempasa aone wimbi la mwanga limesimama tuli. Lakini hakuna aliyewahi kuona kitu hicho, na hesabu za umeme na sumaku hazikukiruhusu. Swali hilo aliishi nalo karibu miaka kumi, hadi mwaka 1905 alipokubali kulipa gharama ya jibu: muda wenyewe hauendi sawa kwa kila mtu.

Mwaka 1907, akiwa mfanyakazi wa ofisi ya hataza, yaani ya kusajili haki za uvumbuzi, huko Bern, Uswisi, likamjia wazo jingine: mtu anayeanguka kutoka juu ya paa hausikii uzito wake. Baadaye aliliita wazo la furaha kuliko yote maishani mwake. Lilikuwa wazo la sekunde chache. Kuligeuza kuwa nadharia kamili ya mvutano kulimchukua hadi Novemba 1915, na katikati ilimbidi ajifunze hesabu za nafasi zilizopinda kwa msaada wa rafiki yake Marcel Grossmann. Miaka minane! Ninapomsikia mtu akiyanukuu maneno ya 1929, natamani aitaje na miaka hiyo minane.

Jaribio la kifikra ni nini, na linawezaje kufundisha chochote bila kupima?

Ni jaribio unalolifanya akilini kwa masharti makali. Unaweka hali fulani, unaiacha iende kwa kanuni unazozikubali, halafu unaangalia kama kanuni hizo zitagombana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Galileo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638. Wafuasi wa Aristotle waliamini kwamba jiwe zito huanguka kwa kasi kuliko jepesi. Galileo akasema: haya, chukua jiwe zito na jiwe jepesi, uyafunge pamoja. Lile jepesi, kwa kuwa ni la polepole, litalivuta nyuma lile zito. Kwa hiyo yote mawili yataanguka polepole kuliko zito likiwa peke yake. Lakini subiri. Yakifungwa pamoja yamekuwa mzigo mmoja, mzito kuliko lile zito. Kwa hiyo yaanguke kwa kasi zaidi. Kanuni moja imetoa majibu mawili yanayokanushana. Basi kanuni ni mbovu, na hakuna jiwe lililoguswa.

Hata hivyo, jaribio la kifikra lina mpaka wake, na Galileo aliujua. Lilimwonyesha kwamba kanuni ya zamani haisimami. Halikumwonyesha kasi ya kitu kinachoanguka inaongezekaje kadiri muda unavyopita. Kwa hilo aliinamisha ubao wenye mfereji, akaviringisha mpira wa shaba, na kupima muda kwa maji yaliyotiririka kutoka kwenye chombo. Kichwa kilibomoa, mikono ikajenga.

Na wale waliogundua mambo ndotoni?

Visa viwili hutajwa sana. August Kekulé alichapisha mwaka 1865 kwamba atomu sita za kaboni katika benzini zimeshikana kama pete. Mwaka 1890, kwenye sherehe ya kumuenzi, alisimulia kwamba wazo lilimjia akisinzia karibu na moto: alimwona nyoka akiuma mkia wake mwenyewe. Otto Loewi naye aliamka usiku akaandika wazo kwenye karatasi, asubuhi akashindwa kusoma mwandiko wake. Usiku uliofuata wazo likarudi. Safari hii hakungoja. Alikwenda maabara usiku huohuo. Alichukua mioyo miwili ya vyura, akachochea mshipa wa fahamu wa moyo wa kwanza hadi mapigo yakapungua, kisha maji yaliyouzunguka akayahamishia kwenye moyo wa pili. Nao ukapunguza mapigo. Ikadhihirika kwamba neva huwasiliana kwa kemikali. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1936.

Visa vizuri, lakini visikupeleke kitandani mapema. Kekulé alikuwa amehangaika na namna kaboni inavyoshikana kwa miaka mingi kabla ya nyoka yule, na kabla ya kemia aliwahi kusomea usanifu wa majengo. Jicho lake lilikuwa limezoea maumbo. Loewi alikuwa na dhana ya kemikali za neva tangu mwaka 1903, akakosa njia ya kuipima. Usingizi ulimletea njia, kwa kuwa swali lilikuwa limekwisha kulala naye miaka mingi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na hawa walikuwa wameinama muda mrefu.

Nitatofautishaje wazo la kisayansi na kubahatisha tu?

Hili ndilo swali ambalo mengine yote yananing'inia kwake, na sijui namna bora ya kulijibu kuliko kisa cha mtu mmoja aliyewaza vilevile mara mbili.

Sayari ya Uranusi iligunduliwa mwaka 1781. Kadiri miaka ilivyopita, wanaanga waliona kwamba haipiti mahali hesabu zilipotaka ipite. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini haikuondoka. Urbain Le Verrier, Mfaransa, akawazia kwamba kuna sayari nyingine mbali zaidi, haijaonekana na mtu, inayoivuta Uranusi. Hakuishia kusema "labda ipo." Alikokotoa iko wapi angani, akaandika barua kwenda Berlin. Barua ilifika tarehe 23 Septemba 1846. Usiku uleule Johann Galle akaelekeza darubini akisaidiwa na Heinrich d'Arrest, na sayari ilikuwa pale, chini ya digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Ndiyo Neptuni. Huko Uingereza John Couch Adams naye alikuwa amefanya hesabu za aina hiyohiyo.

Sasa upande wa pili. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na Jua, nayo ina kasoro katika njia yake: njia hiyo huzunguka kidogo kidogo kupita inavyotarajiwa, kwa kiasi tunachokijua leo kuwa sekunde 43 za tao kila miaka 100, nayo sekunde ya tao ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Mwaka 1859 Le Verrier alifikiri kama alivyofikiri kwa Uranusi: kuna sayari ndani zaidi, karibu na Jua, inayoivuta Utaridi. Ikapewa jina, Vulcan. Watu wakaitafuta miaka na miaka, wengine wakasafiri mbali kusubiri kupatwa kwa Jua ili waione. Wapo walioapa kwamba wameiona.

Haikuwepo. Le Verrier alifariki mwaka 1877, siku ileile ya 23 Septemba, miaka 31 kamili tangu usiku wa Neptuni, akiwa bado anaiamini. Novemba 1915 Einstein alipotumia nadharia yake mpya kwenye njia ya Utaridi, zile sekunde 43 zikatoka zenyewe, bila sayari yoyote. Kilichokosekana hakikuwa kitu angani. Kilikuwa uelewa wetu wa mvutano.

Akili ileile, mbinu ileile, ujasiri uleule. Ukisimama mwaka 1860 huwezi kuzitofautisha Neptuni na Vulcan kwa kuangalia uzuri wa wazo. Ndiyo maana nasema Vulcan nayo ilikuwa sayansi, na sayansi safi: ilisema wapi itafutwe, na kwa kusema hivyo ikakubali kushindwa. Anayebahatisha huwa hasemi wapi. Ukimkosoa, wazo lake linahama. Kila usipolikuta anakuambia liko upande mwingine. Wazo la kisayansi lina anwani, na mwenye nalo yuko tayari mtu abishe hodi na kukuta nyumba haina mtu.

Kuna waliowaza sawasawa wakakataliwa?

Wapo. Alfred Wegener alitangaza mwaka 1912 kwamba mabara husogea. Alikuwa na visukuku vya viumbe walewale pande mbili za Atlantiki, alikuwa na miamba inayolingana, na alikuwa na ramani ambayo hata mtoto huona kwamba Afrika na Amerika ya Kusini zinaoana. Wanajiolojia wengi walimpinga, na tuwe wakweli: walikuwa na hoja. Nguvu alizodai zinasukuma mabara zilikuwa dhaifu mno kwa kazi hiyo. Alifia Greenland mwaka 1930. Katika miaka ya 1950 Marie Tharp, akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa vipimo vya kina vilivyoletwa na meli, aliona bonde refu likipita katikati ya safu ya milima iliyo chini ya bahari, dalili kwamba sakafu inapasuka na kutanuka. Mwanzoni mwenzake alilipuuza wazo hilo. Ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1960 ubishi mkubwa ulikuwa umekwisha.

Barbara McClintock aliyechunguza mahindi alieleza mwaka 1951 kwamba vipande vya urithi vinaweza kuhama mahali. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwaka 1983, akiwa na miaka 81.

Lakini kuna mtego hapa, na wanaoanguka ni wengi. Kukataliwa si cheti. Kwa kila Wegener mmoja kuna maelfu waliokataliwa kwa haki, na historia haikuwakumbuka.

Hesabu hazipandi kwangu. Bado naweza kuwaza kisayansi?

Michael Faraday aliingia duniani akiwa mtoto wa fundi chuma, akafundishwa kazi ya kujalidi vitabu, na hesabu za juu hakuzijua maisha yake yote. Alimwaga unga wa chuma juu ya karatasi, sumaku ikiwa chini, akaona unga unajipanga kwa mistari. Wenye hesabu waliona njia ya kuchorea tu. Yeye aliona kitu halisi kilichojaza nafasi yote kuizunguka sumaku, hata pale ambapo hakuna unga. Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku inayosogea huzaa mkondo wa umeme kwenye waya.

James Clerk Maxwell, aliyekuwa bingwa wa hesabu, hakuidharau picha ya Faraday, aliitafsiri. Na hata yeye, katika makala za mwaka 1861 na 1862, alianza kwa kuwazia nafasi imejaa vimbunga vidogo na magurudumu madogo katikati yake. Hakudai kwamba magurudumu yapo. Yalimsaidia kupanda, na alipofika juu akayaondoa kama fundi anavyoondoa jukwaa la miti ukuta ukikauka. Milinganyo ikabaki, na ndani yake kulikuwa na mawimbi yanayosafiri kwa kasi ya mwanga. Heinrich Hertz aliyanasa mawimbi kama hayo maabarani karibu na mwaka 1888. Redio ikatoka humo.

Kwa hiyo ndiyo, unaweza kuanza bila hesabu. Ila siku moja wewe au mwenzako atalazimika kuzileta, la sivyo picha itabaki picha.

Mimi sioni picha yoyote kichwani nikifumba macho. Je, sina uwezo wa kuwaza?

Unao. Hali hiyo ilipewa jina la afantasia mwaka 2015, lakini ilijulikana mapema. Mwaka 1880 Francis Galton aliwauliza watu waeleze walivyokuwa wakiiona akilini meza yao ya kifungua kinywa, na baadhi ya wanasayansi wakashangaa kusikia kwamba kuna mtu anayeona chochote. Craig Venter, mmoja wa waliosoma mfuatano wa jenomu, yaani urithi wote, ya binadamu, amesema yeye mwenyewe haoni picha akilini. Kuwaza kunaweza kwenda kwa maneno, kwa uhusiano wa vitu, hata kwa hisia za mikono.

Je, kuwaza kunaweza kumfanya mtafiti aone kisichokuwepo?

Kunaweza, tena mtafiti mzuri. Mwaka 1903 René Blondlot, mwanafizikia aliyeheshimika huko Nancy, Ufaransa, alitangaza aina mpya ya miale akaiita miale ya N. Wengine nao wakaiona. Mwaka 1904 Robert Wood kutoka Marekani alitembelea maabara yake, na gizani, bila kusema neno, akaondoa prizimu ambayo bila hiyo kipimo hakiwezekani. Waliokuwa wakisoma vipimo wakaendelea kusoma kama vile hakuna kilichobadilika.

Blondlot hakuwa tapeli. Alipenda wazo lake kiasi cha kulionea mwanga. Ndiyo sababu majaribio mengi ya dawa leo hufanywa kwa namna ambayo mgonjwa na daktari wote hawajui nani amepewa dawa halisi.

Kusoma sana si kunaua ubunifu?

Hofu hii naielewa, hasa kwa aliyepitia masomo ya kukariri. Lakini mtazame Dmitri Mendeleev. Mwaka 1869 alipanga elementi 63 zilizojulikana, akaacha nafasi tupu. Aliziacha kwa sababu alizijua elementi zile kwa undani kiasi cha kuona kwamba jirani fulani hayupo. Akaeleza sifa za wasiokuwepo. Galiamu ilipopatikana mwaka 1875, mgunduzi wake, Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran, alipima densiti yake, yaani uzito wake kwa ujazo, akapata 4.7. Mendeleev, ambaye hajawahi kuishika, akaandika kwamba inapaswa kuwa karibu 5.9. Ikasafishwa upya, ikapimwa: 5.9. Mwaka 1886 ikaja gerimaniamu, nayo ikakaa kwenye nafasi yake.

Mtu asiyejua kitu haachi nafasi tupu, haoni pengo. (Mendeleev huyohuyo, uzeeni, aliwazia elementi nyepesi kuliko haidrojeni. Hazikupatikana kamwe.)

Kompyuta zitachukua kazi ya kuwaza?

Sehemu yake zimekwisha kuichukua. Programu ya AlphaFold hukisia umbo la protini kutokana na mpangilio wa viungo vyake, na waliosimamia kazi hiyo walikuwa miongoni mwa waliopewa Nobel ya kemia mwaka 2024. Lakini kwamba umbo la protini ni jambo la kuulizwa, na kwamba linajificha ndani ya mpangilio huo, hilo liliwazwa na watu miongo mingi kabla. Kwa sasa ninaona mashine ni hodari zaidi wa kujibu kuliko wa kuchagua swali.

Nifanye nini ili uwezo huu ukue?

Chora, hata kama huchori vizuri. Sukuma kila wazo hadi ukingoni: ingekuwaje kama kitu hiki kingekuwa kikubwa mara elfu, au kingesimama, au kisingekuwepo? Yatunze yasiyolingana, usiyafute. Njia ya Utaridi ilikaa nusu karne ikiwa kasoro ndogo tu. Na kabla ya kuanza kupima, andika kwenye karatasi ni matokeo gani yatakayokufanya uliache wazo lako. Ukishindwa kuandika, huna wazo bado.

Leo kuna kitu gani kinachowaziwa ambacho hakijaonekana?

Maada ya giza. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alipima kasi za galaksi katika kundi la Koma, akaona kwamba maada inayong'aa haitoshi kuzishikilia. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na Kent Ford walionyesha kwamba nyota za pembezoni mwa galaksi huzunguka kwa kasi kuliko inavyotarajiwa. Wanafizikia wengi wanawazia maada isiyotoa wala kuzuia mwanga. Wachache wanasema hakuna maada hiyo, bali kanuni za mvutano ndizo zinazohitaji kurekebishwa.

Ni Uranusi na Utaridi tena, na safari hii sisi ndio tuliosimama katikati bila kujua. Chini ya mlima wa Gran Sasso huko Italia, na karibu kilomita moja na nusu chini ya ardhi katika uliokuwa mgodi wa dhahabu huko South Dakota, matangi ya zenoni, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika, yamewekwa gizani, yakisubiri chembe moja iguse atomu moja. Mpaka sasa hakuna aliyebisha hodi.